Kila Shu na Kitunguu Chake

Ngli-ngli-ngli, halafu kimya, halafu ngli moja ya peke yake, kama mtu aliyekwisha kuaga akakumbuka neno akarudi kulisema. Hiyo ndiyo sauti ya mwaka ule. Ilikuwa ya makopo matupu ya maziwa. Niliyatoboa kwa msumari nikayafunga kwenye kamba juu ya bustani ya yaya wangu, dada yangu mkubwa Mbombo, kule Kolwezi, ili kuku wa majirani waogope kuja kuchakura miche yetu. Kuku waliogopa siku chache tu. Baadaye wakawa wanakuja kula huku wakisikiliza muziki. Yaya alicheka mpaka akakaa chini. "Zozeti," aliniambia, "umebafungulia dansi!" Makopo sikuyatoa. Yalinifurahisha asubuhi, kabla sijafungua macho, na nilikuwa katika umri ule ambao mtu anaamka akiwa tayari anafurahi bila kujua sababu.

Yaya amekufa. Habari ilinifikia Tenke, ninapokaa, nikapanda lori la wachuuzi, nikafika Kolwezi nimejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Kwenye kilio wanawake walinipa nafasi kwenye mkeka wa mbele, mahali pa mdogo wa marehemu, na tangu hapo nilisikia sifa zake siku nzima. "Mama Mbombo, mutu wa moyo! Hakuna mutu aliingia kwake akatoka na njaa." Ni kweli. "Hakujua kusema hapana." Hiyo nayo ni kweli, kuliko walivyojua. Nguo ya kilio niliyopewa inanibana kwapani, kwa sababu mshonaji Sifa aliishona haraka bila kunipima. Sifa mwenyewe amekaa kwenye kiti karibu na mlango, miwani puani, mtu mzima mwenye cherehani zake na wasichana anaowafundisha. Tukionana tunasalimiana vizuri, tunaulizana habari za watoto. Yeye hakunichukulia kitu. Alikuwa msichana kama mimi, alipewa, akapokea. Mimi nilikaa kwenye mkeka nikingoja machozi yaje kama yanavyowajia wengine, na badala ya machozi zikanijia shu.

Shu ndiyo kabichi, kwa wale ambao si wa kwetu. Mwaka ule tulikuwa tumekwisha kuacha majina ya ubatizo, kila mtu akawa situayen na situayene, yaani mwananchi, na mimi niliyekuwa Georgette nikawa Kabedi mbele ya watu. Ndani ya jikoni ya yaya niliendelea kuwa Zozeti. Yaya aliolewa na Kalonji, mfanyakazi wa mgodi wa Mutoshi, na walikuwa na nyumba ya vyumba viwili katika kambi ya kampuni. Jikoni ilikuwa nje, nyeusi kwa moshi, na ukuta wake ulikuwa wa matofali yaliyopangwa kwa kuachiana nafasi ili hewa ipite, kwa hiyo hakuna neno lililosemwa uani ambalo aliyekuwa anasonga bukari, ugali wetu, hakulisikia. Mimi nililala katika chumba cha mbele pamoja na watoto wa yaya, ambao walikohoa usiku kucha wakati wa baridi. Masomo yangu yalikuwa yameishia shule ya msingi. Nilijua kusoma, nilijua kuandika, na nilijua kwamba siku moja nitakuwa na duka lenye kioo, na nyuma ya kioo nguo nilizozishona mwenyewe zikisimama bila mtu ndani yake, kama nilivyoziona mara moja mjini.

Nyuma ya nyumba, kati ya jikoni na choo, palikuwa na lupango, kiwanja cha nyumba, isiyofika mbali. Ukitupa ganda la ndizi linaangukia kwa jirani. Humo mlikuwa na kila kitu. Tulianza mvua zilipokuwa zinaaga, tukasia mbegu za shu ndani ya sanduku bovu, tukazifunika na majani, na zilipopata majani ya kutosha tukazihamishia kwenye matuta. Kati ya shu tuliweka nyanya. Chini ya nyanya, mchicha, ndiyo lengalenga. Pembeni maharagwe yalipanda mabua ya mahindi yaliyokauka. Matembele yalifuata maji machafu ya kuogea mpaka mlangoni kwa choo, hata mgeni akienda kujisaidia alirudi na unyevu miguuni. "Hapa hata mududu atapotea njia," yaya alisema. Na kando ya kila shu, karibu kabisa, kama mtoto mgongoni, tulipanda kitunguu. Hayo yalikuwa mafundisho ya yaya. Wadudu wanaokula shu hawapendi harufu ya kitunguu, na nafasi tulikuwa hatuna, basi mambo mawili yakaisha kwa mara moja. "Shu bila kitunguu ni bibi-arusi bila shangazi," alinieleza akiwa amepiga magoti, kidole chake kikisukuma udongo. "Atatongozwa na kila mupita-njia." Majirani walipanda shu zao mbali mbali, kwa mistari, kama askari. Kwetu tu ndiko shu zilikaa na shangazi zao.

Siku moja wakati wa kuchota maji, mtu wa servisi ya kampuni, idara ya mambo ya jamaa, alikuja kwenye robine, bomba la maji la kambi, na kutangaza mashindano ya bustani. Mwisho wa kiangazi wakaguzi watapita nyumba kwa nyumba. Nyumba itakayoshinda, msichana mmoja wa nyumba hiyo ataingia fwaye, nyumba ya mafunzo ya wanawake, bila kungoja zamu, kujifunza kushona kwa cherehani ya miguu. Nilisahau ndoo yangu ikajaa, ikafurika, na wanawake wakanipigia kelele. "Weye, mudogo wa Mbombo, unaoga ama unachota?" Mama Odia, jirani yetu wa ukuta wa kushoto, mwanamke wa mdomo ambaye wanaume walimsalimia wakiwa bado mbali ili awaache wapite, alinitazama akacheka: "Muacheni. Amekwisha kushona." Nilirudi mbio. Yaya alinisikiliza mpaka mwisho, akaifuta mikono yake kwenye pagne, kitenge chake, akasema, "Basi tutashinda. Utanishonea robe ya kwanza, yenye mikono ya bufanti." Akanionyesha kwa mikono yake jinsi hiyo mikono ya gauni itakavyovimba, na tukazunguka jikoni tukitembea kama mabibi wa mjini, yeye na mtoto mgongoni, mimi na mwiko.

Wakati mwingine watu huniuliza kwa nini mimi nacheka sana, na mimi huwajibu kwamba nilicheka mwaka ule mpaka ikawa tabia. Kiangazi kile nilimwagilia asubuhi na jioni, maji ya ndoo kutoka robine, nikiyamwaga kwa kopo nililolitoboa chini ili yatoke kama mvua na yasichimbe udongo. Katika baridi ya mwezi wa sita, maana kiangazi chetu huanza na baridi, asubuhi majani yalikuwa meupe kwa umande mkali, na mimi nikayafunika na magunia jioni, nikayafunua jua likitoka. Nilichukua majivu ya jiko, nikayapepeta, nikayanyunyiza juu ya viwavi. Yaya alipomaliza kunyonyesha naye alikuja, na tuliinama bega kwa bega tukigeuza jani moja moja. Kila shu niliipa jina la nguo. Ile ilikuwa robe ya arusi, ile jipe, sketi ya kwenda misa, ile iliyopinda kidogo ilikuwa bluzi ya Mama Odia, kubwa mbele. Zilipoanza kufunga mioyo yao, ngumu, za kijani, zikilia ukizigusa, hata watu waliopita njia walisimama kwenye ua.

Miongoni mwa waliosimama alikuwa bibi wa Shefu. Shefu alikuwa mkubwa wa seksio ya shemeji Kalonji kule mgodini, na nyumba yake ilikuwa mwisho wa barabara, kubwa, yenye robine ndani. Bibi yake alikuwa na lupango pana, lakini mkono wa kupanda hakuwa nao. Shu zake zilikuwa zimeliwa mpaka zikafanana na kitambaa cha dirishani. Jumapili moja Shefu mwenyewe alikuja kula kwetu. Haikuwa imetokea kamwe. Yaya alichinja kuku, akapika sombe ya majani ya muhogo, akasonga bukari laini, na mimi nilikuwa jikoni nikiosha sahani huku wanaume wamekaa uani upande wa pili wa ukuta ule wa matundu. Nilisikia Shefu akisema, "Bibi yangu anapenda hii bustani yenu. Anapenda sana. Kila siku ndiyo ile wimbo." Shemeji akacheka, akacheka muda mrefu kuliko maneno yenyewe. Shefu akaendelea kuzungumza juu ya nyumba mbili zenye robine ya ndani zitakazokuwa wazi kabla ya mvua, na kwamba si kila mtu atapata. "Katika maisha," alisema, "mutu anasaidia mwenzake." Nilifikiri anamsifu shemeji kwa kazi. Nilijivuna. Alipokwisha kuondoka nikamsikia yaya akisema kwa sauti ya chini, "Acha. Ni mudogo wangu. Nitamuambia mie mwenyewe." Nami, mtoto wa ndoto, nikasimama na sahani inayodondoka maji, nikajua kabisa ni nini ataniambia: kwamba wameninunulia pagne mpya ya kuingilia fwaye. Nikangoja aniambie. Kila mara aliponiita, "Zozeti, kuya hapa," moyo ulinipiga, na kila mara ilikuwa chumvi, au kuni, au mtoto.

Siku moja kabla ya wakaguzi, yaya alinituma Mutoshi kwa mama mkubwa, nimpelekee dawa ya kifua. "Utalala kule, utarudi asubui. Usitembee na giza." Nilisita kwa sababu ya kumwagilia. "Nitamwagilia mie," alisema, na akanifunga kitambaa kichwani kwa mikono yake mwenyewe, akakikaza, akakilegeza, akakikaza tena, kana kwamba hakuna fundo lililompendeza.

Asubuhi nilirudi kwa camion, lori la wafanyakazi. Nilipita kando ya nyumba kwenda moja kwa moja nyuma. Nyanya zilikuwepo. Lengalenga ilikuwepo, imekanyagwa. Mahali pa shu palikuwa na mashimo. Hayakuwa mashimo ya kuchimbachimba. Yalikuwa safi, yamekatwa pande zote kama mtu anavyokata mche wa sabuni. Nilipiga kelele, na yaya akatoka jikoni mbio, na aliponiona nimeshika kichwa naye akashika chake. "Mwizi, Zozeti! Mwizi ameingia!" Akanikumbatia. Akalia. Nilihisi kifua chake kikitikisika juu ya changu, na machozi yake yakaniingia shingoni, na mimi nikaacha kulia kwangu ili nimnyamazishe. Majirani walikuja. Mama Odia alipanda juu ya tofali akachungulia kutoka kwake, akatazama mashimo yasiyo na udongo wake, akasema, "Ule mwizi alibeba na bulongo? Anaenda kupika bulongo?" "Mi najua mwizi wa shu," akaendelea. "Anakata kichwa, anakimbia. Huyu aling'oa na mizizi, pole-pole. Huyu mwizi iko na adabu." Yaya alimwambia, "Odia, tuache na huzuni yetu." Mimi nilikuwa nimeelewa tayari kwamba jambo hilo halikai sawa, lakini kuna kuelewa kwa kichwa na kuna kuelewa kwa miguu, na miguu yangu bado ilikuwa imesimama upande wa yaya.

Wakaguzi walikuja jua lilipokuwa juu. Kwetu hawakukaa. Madamu wa servisi, mwanamke mpole mwenye kofia ya majani, alitazama mashimo, akatikisa kichwa, akasema pole, akapita. Kundi la wanawake na watoto likamfuata, na mimi nikalifuata pia, kwa sababu nilitaka nione ni nani atakayepata cherehani yangu. Ndivyo nilivyofika kwa Shefu. Katikati ya lupango ile pana, kwa mistari miwili, shu zilikuwa zimesimama. Kubwa, zimefunga, ncha za majani ya nje zimeanza kulegea. Na kando ya kila shu, karibu kabisa, kama mtoto mgongoni, kulikuwa na kitunguu.

"Tiens!" alisema Madamu, akainama. "Na hii kitunguu hapa? Sijaona kwa mutu yoyote leo. Ni ya kazi gani?"

"Ni mayele ya nkambo yangu, Madamu," bibi wa Shefu alijibu, akisema ni akili za mama wa mama yake. "Ya zamani. Inafukuza badudu."

"Na hizi majani, juu ya nini zinalala? Sababu gani?"

"Zinapumzika, Madamu. Ni jua."

"Nkambo yako alikuhamia lini?" sauti ya Mama Odia ilitoka nyuma. "Jana jioni?" Wanawake wengine walicheka, wengine walikohoa ili wasicheke. "Mi nauliza tu. Siku hizi shu za hii kambi zimepata miguu." Shefu aligeuka, na kicheko kikakatika. Waume zao wote walikuwa chini ya mkono wake.

Madamu aliandika jina. Alitangaza kwamba katika kambi nzima hakuona bustani iliyofikiriwa vizuri namna ile, kitu na mwenzake, na kwamba situayene Sifa, binti wa nyumba, ataingia fwaye. Watu wakapiga makofi. Nikamtafuta yaya. Alikuwa mstari wa mbele, na mtoto mgongoni, akipiga makofi pamoja na wengine. Macho yetu yakakutana. Sikuona aibu, wala sikuona ukali. Niliona mtu aliyebeba kitu kizito akiomba kwa macho asisemeshwe mpaka akitue. Kisha akaangalia chini, na mikono yake ikaendelea kupiga makofi. Tangu siku ile nimefikiri sana juu ya vitunguu vile. Yaya alijua vitaisaliti siri yake. Angeweza kuving'oa. Lakini mizizi ilikuwa imeshikana, na kukivuta kitunguu kungeua shu, na yeye alikuwa mkulima. Hata katika kuniibia alifanya kazi safi. Sijui kama hilo linanipoza au linaniumiza zaidi.

Jioni alinipakulia kipande kikubwa cha samaki, cha tumbo, ambacho kilikuwa siku zote cha shemeji. Shemeji aliongea na ukuta. "Shu ni shu. Inaota tena. Nyumba haioti." Yaya akamwambia atoke akavute sigara yake nje, naye akatoka. Tulibaki wawili na moto.

"Ni juu ya kikohozi ya batoto," yaya alisema. "Kule kuna robine ndani, kuna saruji chini. Fwaye iko kila mwaka, Zozeti."

"Yaya, asubui ulilia na mie."

"Nililia kweli."

"Juu ya nini hukuniambia?"

Alikoroga sufuria ambayo haikuwa na kitu cha kukoroga. "Nikikuambia, ungekatala?"

"Hapana," nilimwambia. "Ningekupa. Ningezing'oa na weye."

Mwiko ulisimama. Alinitazama kama mtu aliyelipia daraja kumbe mto ulikuwa mkavu. Kisha akasema, "Kula, samaki itapoa," na hakusema tena juu ya jambo lile, si siku ile, si mwaka ule, si katika miaka yote ambayo nilikuja kumsalimia na zawadi za Tenke, tukala, tukacheka, akinipa kila mara nyama ya kwanza. Nyumba waliipata. Watoto walipona kikohozi. Mmoja wao ndiye aliyenipokea kwenye kilio, mwanaume mrefu, mwenye kifua kizima. Fwaye ya mwaka uliofuata walichukua mabinti wa seksio nyingine, na baadaye mimi nikawa mkubwa mno, nikaolewa, nikauza mboga kituoni. Naziuza mpaka leo, na watu wanapenda kununua kwangu kwa sababu nawachekesha. Simlaumu kwa nyumba. Mtu anaweza kuchukua shu za mdogo wake kwa ajili ya watoto wake. Lakini alinichukua mimi kama mtu ambaye lazima aibiwe, wakati nilikuwa mtu wa kuombwa tu. Hilo ndilo lililonikalia kwenye mkeka, katikati ya wanawake waliokuwa wakilia, na sikupata wa kumwambia.

Jumapili ile, kesho yake baada ya wakaguzi, kwa Shefu walifanya sikukuu ya ushindi. Yaya alikwenda kusaidia kupika. Baadaye wote waliondoka kwenda sali, ukumbi wa kambi, kwenye muziki, na barabara ikabaki na mbwa. Nilipita mbele ya lupango yao nikatazama juu ya ua. Shu zilikuwa zimelala. Hakuna aliyezimwagilia tangu makofi, wala aliyekumbuka kwamba mmea uliohamishwa ukiwa mkubwa unakunywa kama mgonjwa, kidogo kidogo na mara nyingi. Robe ya arusi ilikuwa imeangusha majani yake yote pembeni. Nilirudi nyumbani, nikachukua ndoo na lile kopo lenye matundu, nikaenda robine, nikaingia kwa Shefu kwa upande wa nyuma. Nilipiga magoti. Niliondoa majani makubwa ya nje, moja moja, ili yasinyonye nguvu ya moyo, nikasukuma udongo kuzunguka kila shina kwa kidole, nikamwaga maji chini, si juu, nikingoja yaingie kabla ya kuongeza. Maji yalipokwisha nilikwenda kuchota mengine. Majani niliyoyaondoa niliyalaza juu ya mioyo ya shu, yakawa kivuli, nikayaegemeza kwa vijiti yasipeperuke. Kisha nikanawa mikono kwa maji yaliyobaki chini ya ndoo, nikatoka.